Je, Uko Tayari Kufungua Kliniki Yako ya Meno Arusha au Moshi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na madaktari wa meno walioajiriwa ambao wameanza kupigia hesabu fremu wanazopita barabarani. Majibu yanahusu kliniki ndogo, kiti kimoja au viwili. Hesabu za fedha ni mifano ya kukuonyesha njia. Weka tarakimu zako.

## Mkono na uzoefu

Nimemaliza utarajali juzi. Naweza kufungua moja kwa moja?

Kwa upande wa sheria, unahitaji usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika na leseni yako iwe hai. Usajili wa muda uliokuwa nao wakati wa utarajali hautoshi. Ukishavipata hivyo, mlango uko wazi.

Lakini cheti hakizuii damu saa tisa alasiri ya Jumamosi, ukiwa peke yako na msaidizi mmoja, na daktari uliyezoea kumpigia simu yuko kwenye harusi Machame. Ushauri wetu ni kwamba ufanye kazi kwanza mahali penye mtu mzoefu wa kukukosoa. Miaka mingapi? Miaka ni kipimo kibovu. Wapo waliofanya kazi miaka sita wakiwa wameng'oa tu, na wapo waliogusa kila kitu ndani ya miwili.

Basi nijipime kwa nini?

Kwa daftari. Kwa miezi mitatu mfululizo andika mambo matatu: kila mara ulipomwita mwenzako akusaidie, kila kazi iliyozidi muda uliopanga kwa zaidi ya nusu saa, na kila mgonjwa aliyerudi na malalamiko ndani ya wiki mbili. Usiandike sababu za kujitetea, andika jino na tatizo.

Ukimaliza, tazama kinachojirudia. Ikiwa bado unaita msaada kwa gego la chini lililovunjikia kwenye ufizi, hujawa tayari, kwa sababu huyo ndiye mgonjwa utakayempata wiki ya kwanza. Amekwishajaribiwa kwingine, jino likakatika, akaelekezwa kwako. Unatakiwa uweze kufungua ufizi, kugawa mizizi kwa bari (ncha ya kukatia jino), kutoa vipande kimoja kimoja, kushona, na kumweleza mgonjwa atarajie nini siku ya tatu na ya nne, ambapo maumivu ya tundu kavu hujitokeza.

Mengine ya lazima ni matibabu ya mzizi kwenye magego, angalau yale yasiyo na mizizi iliyopinda sana. Kuziba kwa komposaiti (kijazo chenye rangi ya jino) bila kuacha sehemu iliyo juu inayomfanya mgonjwa ashindwe kuuma. Kumtibu mtoto wa miaka mitano bila kumshikilia kwa nguvu. Na kupima shinikizo la damu kila mtu mzima kabla ya ganzi. Waya za meno na vipandikizi vinaweza kusubiri. Kliniki nyingi ndogo hazivihitaji ili zisimame.

Ni nini ambacho sitakiwi kujaribu peke yangu hata nikiwa na kliniki?

Uvimbe chini ya taya pande zote mbili, ulimi umeinuka, mgonjwa anashindwa kumeza mate au sauti imebadilika. Huyo hakai kwenye kiti chako. Piga simu hospitali ya KCMC ukiwa Moshi, au ya Mount Meru ukiwa Arusha, na umpeleke, kwa sababu njia ya hewa inaweza kufunga ndani ya saa chache. Vilevile taya lililovunjika, uvimbe wa mfupa usioeleweka, na mgonjwa wa dawa za kuyeyusha damu ambaye hana kipimo cha karibuni cha kuganda kwa damu.

Sakafu ya sinasi (uwazi wa hewa ulio juu ya magego ya juu) ikitoboka wakati wa kung'oa gego la juu, tundu dogo lisilofika milimita 2 kwa kawaida hufunga lenyewe damu ikiganda, mradi mgonjwa asipenge kamasi wala kuvuta kwa mrija. La kati linahitaji kushonwa. Likizidi milimita 6 hivi linataka kufunikwa kwa upasuaji. Kama huwezi upasuaji huo, ujue jina la anayeuweza kabla hujafungua.

## Fedha

Nahitaji kuwa na kiasi gani mkononi?

Wengi huhesabu kiti, kompresa na rangi ya ukuta, wakasahau miezi ambayo kiti kitakaa kitupu. Hapo ndipo kliniki hufa, si kwenye vifaa.

Chukua mfano. Kwa mwezi: pango 700,000, mishahara ya msaidizi na mtu wa mapokezi 900,000, umeme, maji na intaneti 250,000, usafi, ulinzi na taka 250,000, rejesho la mkopo 1,400,000, na matumizi ya nyumbani kwako 1,500,000. Jumla ni shilingi 5,000,000. Usiache kujiwekea fungu lako mwenyewe, maana watoto watakula hata kama wagonjwa hawaji.

Tuseme mgonjwa mmoja kwa wastani analipa 40,000, na vifaa vya kutumika (ganzi, glovu, komposaiti, sindano) vinakula 10,000. Kinachobaki ni 30,000. Gawanya milioni tano kwa elfu thelathini: wagonjwa 167 kwa mwezi. Ukifungua Jumatatu hadi Jumamosi, siku 26, ni wagonjwa 6 na ushei kila siku. Sema 7.

Sasa kliniki mpya haianzi na 7. Ikianza na 2 kwa siku mwezi wa kwanza na kuongeza mmoja kila mwezi, ambao ni mwendo mzuri, mapengo yatakuwa 3,440,000, kisha 2,660,000, 1,880,000, 1,100,000 na 320,000. Mwezi wa sita ndio unaanza kuona faida. Jumla ya pengo ni 9,400,000. Hiyo ndiyo fedha inayotakiwa kukaa benki siku unapokata utepe, mbali na ya vifaa. Usipokuwa nayo, subiri au punguza ukubwa wa ndoto.

Vipi kuhusu mkopo?

Swali la kwanza kwa afisa mikopo ni hili: riba inahesabiwa juu ya mkopo wote hadi mwisho, au juu ya salio linalopungua? Riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayohesabiwa juu ya mkopo wote kwa miezi 24 inakufanya ulipe asilimia 36 ya mkopo kama riba. Ukiigeuza kuwa riba ya salio linalopungua, ni karibu asilimia 31 kwa mwaka. Tarakimu ile ile ya 18 kwenye mabango mawili inaweza kuwa mikopo miwili tofauti kabisa.

Omba pia miezi michache ya neema kabla ya rejesho la kwanza. Tazama tena mfano wa hapo juu: bila rejesho, pengo la mwezi wa kwanza linashuka hadi 2,040,000.

Je, bima zitaniokoa?

Zinaleta watu, lakini fedha huja baadaye. Mkataba wa NHIF au bima binafsi unaweza kuupata baada ya kliniki kusajiliwa, si kabla, kwa hiyo miezi ya mwanzo panga kwa fedha taslimu na lipa namba. Ukishaingia, kila fomu yenye jino lililoandikwa kimakosa, sahihi iliyokosekana au huduma iliyohitaji kibali cha awali hukatwa. Mtu mmoja awe na kazi ya kukagua madai kila jioni kabla hayajatumwa.

Nusu ya wagonjwa wako wakiwa wa bima, basi fedha ya vifaa vyao unaitanguliza wewe. Ongeza akiba ya angalau miezi miwili ya vifaa.

Ndugu, majirani na watu wa jumuiya watakuja wakitaka bure. Nifanyeje?

Watakuja, na wengine watakuwa wamekuchangia ada ya chuo. Weka fungu la kila mwezi, kwa mfano wagonjwa watano, ambao gharama yao unailipa wewe kutoka mfukoni na kuiandika kitabuni. Fungu likiisha, shemeji anasubiri mwezi ujao au analipa vifaa. Mtu wa mapokezi ndiye aseme bei, si wewe. Ukianza kujadili bei huku umeshika koleo, umeshindwa.

Kuna miezi ya ukame?

Januari, kwa sababu ya ada za shule. Arusha huongezwa Aprili na Mei, mvua za masika zinapopunguza watalii na vipato vya waongoza watalii, madereva na watu wa hoteli. Moshi kuna kinyume chake: Desemba mji unajaa wanaorudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, na wengi wanataka meno yashughulikiwe ndani ya siku kumi. Ukifunga wiki ya Krismasi Moshi, umefunga wiki yako bora. Pumzika Januari.

## Mahali na jengo

Mjini kati au pembeni?

Kati, mfano Kaloleni au karibu na stendi, kuna watu wengi lakini pango linauma na majirani wa taaluma ni wengi. Pembeni penye makazi yanayokua, kama Njiro, Sakina, Usa River, au kwa upande wa Moshi Soweto, Pasua na Himo, wagonjwa huja taratibu ila hukaa. Kwa kiti kimoja tunapendelea pembeni. Simama mbele ya fremu siku tatu tofauti, asubuhi na jioni, uhesabu wanaopita kwa miguu. Dalali atakuambia barabara ina watu; usimwamini, hesabu.

Niangalie nini kabla ya kulipa pango la mwaka?

Hapa pana makosa ya gharama kubwa kuliko yote, kwa hiyo jibu ni refu kidogo.

Kwanza, mwalike mkaguzi wa afya kutoka ofisi ya Mganga Mkuu wa Halmashauri aone jengo kabla ya fedha kutoka. Kuna watu wamelipa mwaka mzima, wakaambiwa chumba hakifai, na mwenye nyumba hakurudisha hata shilingi.

Pili, kiti cha meno si samani. Kinataka maji safi, hewa, umeme na bomba la maji machafu, vyote vikitokea chini ya kiti. Lazima sakafu ikatwe. Pata ruhusa ya maandishi ya kukata vigae. Bomba la taka liwe la milimita 40 hadi 50 na literemke kama sentimita 2 kwa kila mita. Likilala, litaziba kwa mate, damu na vumbi la meno ndani ya miezi michache. Chumba cha kiti kisiwe chini ya mita 3 kwa 3, na nje yake pawe na nafasi ya kuoshea na kutakasa vyombo, sehemu chafu na safi zikiwa mbali.

Tatu, maji na umeme. Uliza majirani mgao ukoje, kisha weka simtanki juu. Kagua kama nyumba ina waya wa ardhini unaofanya kazi, si tundu la tatu la mapambo.

Nne, kodi ya zuio. Mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Wenye nyumba wengi hukataa kukatwa, na usipoipeleka deni ni lako. Lijadili kabla ya kusaini, na likae ndani ya mkataba.

## Vibali

Vibali vinaanzia wapi?

Jina la biashara au kampuni husajiliwa BRELA; namba ya mlipakodi na mashine ya risiti ni TRA. Maombi ya kusajili kituo huanzia kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, yanapita mkoani na kufika Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi. Huduma binafsi za tiba za kutafuta faida ziliwahi kupigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1977 na kuruhusiwa tena 1991. Ndiyo maana bado kuna bodi maalumu ya hospitali binafsi. Ongeza OSHA (usalama mahali pa kazi), zimamoto, NSSF na WCF (mfuko wa fidia) kwa wafanyakazi, na mkataba wa kuchoma taka na hospitali yenye tanuri.

Usitangaze tarehe ya ufunguzi kabla ya usajili kutoka.

Na eksirei?

Mashine ya eksirei, hata ile ndogo ya ukutani, haitumiki bila leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC. Watu wa Arusha na Moshi wana bahati: tume ina ofisi Njiro. Peleka mchoro wa chumba kabla ya kujenga, siyo baada ya kupaka rangi. Kuta na mlango vitaangaliwa, na kila anayefanya kazi karibu nayo atavaa kipima mionzi kinachosomwa kwa vipindi. Ukinunua mashine iliyotumika kutoka nje, shughulikia kibali kabla haijapanda meli.

Je, unaweza kuanza bila eksirei? Kung'oa na kuziba, ndiyo, kwa shida. Matibabu ya mzizi bila picha ni kubahatisha.

## Vifaa

Ninunue nini kizuri na nini cha bei nafuu?

Usibanie fedha kwenye otoklevu (mashine ya kutakasa vyombo kwa mvuke), kompresa ya hewa na hendipisi (mpini unaoshika na kuzungusha bari). Kiti chenyewe kinaweza kuwa cha kawaida mradi fundi wa karibu anakijua na vipuri vinapatikana. Kiti cha kifahari kilichoharibika vali ambayo inasubiriwa wiki tano kutoka nje ni kochi.

Kompresa iwe isiyotumia mafuta. Ile ya duka la vifaa vya ujenzi, ya kupulizia rangi, hutoa ukungu wa mafuta unaoingia kwenye jino. Komposaiti haishiki, mgonjwa anarudi na kijazo mkononi, nawe unalaumu gundi. Toa maji kwenye tangi kila jioni.

Hendipisi za kasi ziwe nne kwa kiti kimoja, tano ni bora. Kila mgonjwa anatakiwa apate iliyotakaswa, na kuosha, kupaka mafuta, kufungasha, kutakasa na kupoa huchukua saa moja na nusu hivi. Mwenye mbili ataishia kufuta kwa spiriti kati ya mgonjwa na mgonjwa, na hilo halikubaliki.

Otoklevu ya kawaida ya jikoni au ya geji inatosha?

Tahadhari kwa walio Arusha. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Geji iliyoandikwa kwa usawa wa bahari inaposema umefika shinikizo la nyuzi 121, ndani ni kama 119 au pungufu. Unahitaji takriban ba 0.15 (ba ni kipimo cha shinikizo) zaidi kwenye geji ili kufikia nyuzi 121 kwa dakika 15. Otoklevu ya kisasa inayopima joto yenyewe haina shida hii. Kwa hali yoyote weka kiashiria cha kemikali ndani ya kila mfuko na fanya kipimo cha vijidudu kila wiki.

Tumia maji yaliyotoneshwa tu. Maji ya bomba ya huku yana madini mengi. Yataacha ukoko mweupe na kuua kihita.

## Wagonjwa wa huku

Ni kazi gani zitajaa zaidi Arusha?

Meno ya kahawia. Maji ya maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, juu ya kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi ya kupikia huongeza. Kituo cha Ngurdoto kimefanyia kazi uchujaji kwa mkaa wa mifupa kwa miaka mingi. Vijana watakuja wakitaka meno meupe kabla ya harusi au usaili wa hoteli.

Kabla ya kufungua, jifunze kusugua tabaka la juu kwa asidi na mchanga laini, na kufunika kwa komposaiti. Kupausha pekee kwenye madoa mazito humkasirisha mgonjwa: sehemu nyeupe huzidi weupe na madoa yanabaki. Piga picha kabla ya kuanza, na ahidi kidogo.

Utapata pia Wamasai watu wazima wanaotaka kuziba pengo la meno mawili ya chini ya mbele yaliyotolewa utotoni kwa mila. Meno ya jirani huwa yameinama kuelekea pengo. Pima nafasi kwanza.

Mzazi akileta mtoto mchanga "ang'olewe meno ya plastiki"?

Hakuna kung'oa. Uvimbe mweupe kwenye ufizi ni chonge linalokua. Mtoto mwenye homa na kuhara anahitaji daktari wa watoto siku hiyo hiyo, na mzazi aelezwe bila kudharauliwa, maana ukimfokea ataenda kwa anayekata kwa spoku ya baiskeli.

## Hali za pembeni

Nimeajiriwa serikalini. Naweza kuwa na kliniki ya jioni?

Omba ruhusa ya mwajiri kwa maandishi. Usimwelekeze mgonjwa wa hospitalini kwenda kwako, hata akikuomba. Hilo ndilo linalowapeleka watu kwenye kamati za nidhamu. Fikiria pia uchovu: saa nane hospitalini na nne kliniki, siku sita, mkono unateleza.

Mimi si daktari, nina mtaji tu.

Utahitaji daktari wa meno aliyesajiliwa awe msimamizi wa kituo. Akiondoka, huduma zinasimama mpaka apatikane mwingine, kwa hiyo mkataba wake uwe na notisi ndefu.

Daftari langu linasema niko nusu tayari. Kuna njia ya katikati?

Ipo: kufanya kazi kwa asilimia kwenye kliniki ya mwingine, Jumamosi na jioni. Unaleta wagonjwa wako, mwenye kliniki anatoa kiti na vifaa, mnagawana. Kubalianeni mapema nani analipia kazi ya maabara ya meno ya bandia ikirudiwa, na nani anabaki na mafaili mkiachana. Baada ya miezi sita utakuwa na tarakimu zako halisi za kuweka kwenye hesabu ya sehemu ya Fedha: wastani wa malipo, gharama ya vifaa, na wangapi hurudi.

Nauziwa kliniki inayofanya kazi. Ninunue?

Usinunue sifa kwa maneno. Omba risiti za mashine ya TRA za miezi 12, madai ya bima yasiyolipwa, leseni ya eksirei na barua ya mwenye nyumba kwamba mkataba unaweza kuhamia kwako. Kisha kaa mapokezi wiki moja uhesabu wanaoingia. Muuzaji akikataa wiki hiyo, ondoka.